Ada ya mwaka na bonasi ya maili: piga hesabu kabla ya kuomba kadi

Pointi 60,000 ni pesa ngapi? Tangazo la kadi halijibu swali hilo, wala halikusudii kulijibu. Ada ya mwaka inatajwa kwa pesa, mpaka senti ya mwisho, ila bonasi inatajwa kwa pointi za kupatia tiketi ya ndege (wengine huziita maili), na pointi haina bei iliyobandikwa popote. Kuchagua kadi ya mkopo yenye bonasi ya kujiunga ni kuzileta hizo mbili kwenye sarafu moja, halafu kutoa. Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano. Wengi huikosa kwa sababu wanaifanya kadi ikiwa tayari imo mfukoni.

Nitatumia dola, kwa kuwa matangazo mengi ya aina hii hutoka Marekani, Kanada, Australia na Singapore. Wewe weka sarafu yako. Kadi ya mfano ni ya kubuni: ada yake ni dola 395 kwa mwaka, na inaahidi pointi 60,000 ukitumia dola 3,000 ndani ya siku 90.

Kabla ya hatua ya kwanza

Je, deni la kadi unalilipa lote kila mwezi? Kama jibu ni "mara nyingi", soma sehemu hii kwa makini. Kadi za pointi huwa na riba ya juu, na riba haijali umekusanya maili ngapi. Dola 3,000 zikikaa miezi 3 bila kulipwa, kwa riba ya asilimia 20 kwa mwaka, zinazaa kama dola 150. Ishike namba hiyo, tutaihitaji baadaye. Mtu mwenye deni linalolala kwenye kadi hana haja ya mwongozo huu kwa sasa. Anahitaji kadi yenye riba ndogo, na maili zitamsubiri.

Vilevile, kama unatarajia kuomba mkopo wa nyumba hivi karibuni, acha kwanza. Kila ombi la kadi huacha alama kwenye rekodi yako ya mikopo. Marekani, alama hiyo hukaa miaka 2.

Hatua ya 1: Tafuta tiketi kwanza

Watu huanza na kadi, kisha wakishapata pointi ndipo wanauliza zinakwenda wapi. Geuza. Karibu mipango yote ya wasafiri ya mashirika ya ndege hukuruhusu kufungua akaunti bure na kutafuta tiketi za pointi hata ukiwa huna pointi moja. Ingia, tafuta safari ambayo kweli unakusudia kuifanya, kwa tarehe ambazo kweli utaweza kusafiri. Kama una watoto wanaosoma, tafuta wakati wa likizo za shule, usitafute Jumanne ya mwezi ambao hakuna anayesafiri.

Utakuta moja ya mambo mawili. Baadhi ya mipango ina jedwali la bei: safari ya umbali fulani ni pointi kadhaa, ila viti vyenyewe kwenye kila ndege ni vichache na huwahiwa. Mingine imeacha jedwali, bei ya pointi hupanda na kushuka kama bei ya tiketi. Shirika la Delta la Marekani liliondoa jedwali lake mwaka 2015, United ya hukohuko ikafuata 2019. Kwenye aina ya kwanza hatari yako ni kukosa kiti. Kwenye ya pili kiti kipo, lakini bei inaweza kukukata maini. Rudia utafutaji siku tatu nne tofauti, mwezi huu na ujao, ili usije ukajenga hesabu yako juu ya tiketi moja ya bahati.

Andika namba nne: bei ya tiketi hiyohiyo kwa pesa, pointi zinazotakiwa, kodi na tozo zinazolipwa kwa pesa hata ukitumia pointi, na pointi ambazo ungezipata kama ungeinunua kwa pesa.

Namba ya tatu ndiyo inayosahaulika. Tiketi ya pointi si tiketi ya bure. Kuna kodi za serikali: anayeondoka Uingereza, kwa mfano, anatozwa kodi ya abiria iliyoanza mwaka 1994, awe amenunua kwa pesa au kwa pointi. Juu yake kuna tozo ya shirika lenyewe, ile iliyokuwa ikiitwa ya mafuta. Mashirika hayalingani hata kidogo kwa hili. Safari ileile, kwa pointi zilezile, inaweza kukutoza dola 30 kwa shirika moja na mamia ya dola kwa shirika mshirika wake. Nenda mpaka ukurasa wa mwisho wa malipo ndipo uandike, maana ukurasa wa kwanza huwa na aibu ya kuitaja.

Hatua ya 2: Ipe pointi bei

Tuseme tiketi ya kwenda na kurudi ni dola 720 kwa pesa. Kwa pointi ni 50,000 pamoja na dola 140 za kodi na tozo. Kwa hiyo pointi 50,000 zimekuokolea dola 580. Lakini ungelipa pesa ungepata pointi 4,000, ambazo kwa kiwango hicho ni kama dola 46. Zitoe: zinabaki dola 534. Gawa kwa 50,000, unapata senti 1.07 kwa pointi.

Hiyo ndiyo bei ya pointi yako. Usichukue ya rafiki yako anayesafiri daraja la biashara, wala ile ya orodha zinazosambaa mtandaoni. Ni yako, kwa sababu imetoka kwenye safari yako.

Utasikia watu wakijisifu kwamba wamepata senti 5 kwa pointi. Mara nyingi ni kweli kwa hesabu yao: kiti cha daraja la biashara kinauzwa dola 5,000, wao wamekichukua kwa pointi 100,000. Swali la kujiuliza ni moja: ungekuwa huna pointi, ungetoa dola 5,000 kwa kiti hicho? Kama ungekaa daraja la kawaida kwa dola 900, basi ulichookoa ni dola 900, na starehe uliyoongezewa ina thamani ambayo wewe mwenyewe ungekubali kuilipia. Labda dola 400. Weka 1,300 kwenye hesabu, si 5,000. Simkatazi mtu starehe. Ninachokataa ni kuiandika starehe kama akiba.

Na pointi zinazobaki? Bonasi ni 60,000, tiketi imekula 50,000. Hizo 10,000 haziwi na thamani mpaka zipate tiketi ya kuzila. Kama hakuna safari fupi ya pointi 10,000 unayoihitaji, ziandike sifuri kwa sasa. Kinyume chake pia ni kweli, na hapa ndipo kadi ndogo zinaposhinda: kama tayari una pointi 20,000 zilizolala kwenye akaunti, bonasi ya 30,000 ya kadi isiyo na ada inakufikisha kwenye tiketi, ilhali kwa mtu mwenye sifuri bonasi hiyohiyo haimfikishi popote. Kadi moja, watu wawili, majibu mawili.

Kuna kipimo kingine cha haraka. Mashirika mengi huuza pointi moja kwa moja kwa wanachama, tena kwa punguzo la mara kwa mara. Bei hiyo ya kununulia ni dari. Pointi haiwezi kuwa na thamani kubwa kwako kuliko bei unayoweza kuinunulia bila kadi wala ada.

Nyongeza moja kuhusu kuziweka

Pointi si akiba ya benki. Hazizai, na mwenye mpango anaweza kupandisha bei ya tiketi kesho asubuhi. Kila mpango una saa yake pia: za Qantas ya Australia hufa baada ya miezi 18 bila shughuli yoyote kwenye akaunti, Avios (pointi za British Airways) baada ya miezi 36, na za KrisFlyer ya Singapore Airlines hufa baada ya miaka 3 hata ukiwa na shughuli. Shirika nalo likifa, hufa nazo. Ansett ya Australia ilipoanguka Septemba 2001, wanachama wa mpango wake walibaki na namba tu. Air Berlin ilipofilisika Agosti 2017, mpango wake wa pointi, topbonus, uliifuata muda mfupi baadaye.

Kwa nini basi benki zinazigawa kwa maelfu? Kwa sababu pointi ni bidhaa. Tangu American Airlines ilipoanzisha mpango wake wa AAdvantage mwaka 1981, mashirika yamejifunza kwamba maili zinauzika: benki huzinunua kwa jumla na kuwapa wateja wa kadi. Biashara hiyo ni nono kiasi kwamba mwaka 2020, ndege zilipokuwa zimeegeshwa, United iliuweka rehani mpango wake wa MileagePlus ikapata mkopo wa mabilioni ya dola. Benki hurudisha gharama yake kwa ada, kwa riba, na kwa makato wanayolipa wenye maduka kila unapochanja kadi. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha asilimia 0.3 kwa makato ya benki kwenye kadi za mkopo za watu binafsi mwezi Desemba 2015. Makato yakiwa membamba hivyo, hakuna kikubwa cha kugawa, ndiyo maana bonasi nono zimejaa upande mwingine wa bahari.

Hatua ya 3: Soma masharti, hasa ya matumizi

Vigezo na masharti huzingatiwa, kama wasemavyo. Tafuta majibu ya maswali haya, na kama huyapati kwenye karatasi, piga simu.

Siku 90 zinaanza lini? Kadi nyingi huanza kuhesabu siku ombi lilipokubaliwa, hata kama kadi imechukua wiki mbili kufika.

Nini hakihesabiki? Kwa kawaida ni pesa taslimu ulizotoa kwenye mashine, deni lililohamishwa kutoka kadi nyingine, riba, na ada yoyote ya benki. Bidhaa uliyorudisha dukani nayo hutolewa. Hapa niliumia mwenyewe. Kadi yangu ya kwanza ya aina hii nilihesabu matumizi yangu kwa kuangalia jumla ya taarifa za mwezi, nikaona nimevuka lengo, nikatulia. Jumla hiyo ilikuwa na ada ya mwaka ndani yake. Nilipungukiwa na kiasi kidogo kuliko bei ya viatu, na muda ulikuwa umepita siku nne. Bibi wa huduma kwa wateja alikuwa mpole sana, akanisomea kifungu, na pointi sikupata. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tangu siku hiyo natunza orodha yangu mwenyewe, na navuka lengo kwa akiba ya dola 200 hivi.

Umewahi kuwa na kadi ya benki hiyo? Nyingi hazitoi bonasi kwa mtu aliyekuwa na kadi yao ndani ya miezi 12, 18 au 24 iliyopita. Nyingine hutoa mara moja tu kwa kadi ileile, basi.

Bonasi inakuja yote kwa pamoja? Hili lina mtego wake, nitalirudia kwenye mwaka wa pili.

Halafu linganisha lengo la matumizi na maisha yako ya kawaida. Jumlisha mambo unayoyalipia kwa kadi sasa kwa miezi 3: chakula, mafuta ya gari, bima, simu, ada za shule kama shule inapokea kadi bila kutoza nyongeza. Yakifika 3,000 vizuri. Yakifika 1,800, hizo 1,200 zilizobaki utazitafutia kitu cha kununua, na kitu usichokihitaji ni gharama ya bonasi. Kiandike hivyo. Njia ya heshima ni kusubiri: omba kadi pale unapojua bima ya mwaka au safari kubwa inalipwa mwezi ujao.

Hatua ya 4: Toa

Sasa karatasi moja. Tiketi imekuokolea dola 534. Toa ada, 395. Zinabaki 139.

Usishangilie bado. Zile dola 3,000 ungeweza kuzitumia kwenye kadi isiyo na ada inayorudisha asilimia 1.5, ukapata dola 45 mkononi. Umeziacha. Zinabaki 94. Kadi hii pia imekupa pointi 3,000 za matumizi, pointi moja kwa kila dola, kwa hiyo akaunti ina 13,000 zilizolala.

Jibu la mwaka wa kwanza: faida ya dola 94 na pointi 13,000 ambazo huenda zikapata kazi. Ni faida, ila si ile picha ya ufukweni kwenye tangazo. Na ile riba ya dola 150 ikiingia, umepoteza 56. Ndiyo maana niliiweka mwanzoni.

Vipi kuhusu launji (chumba cha mapumziko uwanjani), bima ya safari, mzigo wa bure, vocha ya ndege? Kila kimoja kihesabu kwa pesa ambayo ungeitoa mwenyewe. Kama huwa unalipia mzigo dola 35 kila safari na unasafiri mara mbili kwa mwaka, kwenda na kurudi, hizo ni dola 140 halali kabisa, zinabadilisha jibu. Launji ambayo hujawahi kuilipia, ipe bei ya chai na sambusa ulizokula humo. Vocha ya dola 300 ya kununulia tiketi za shirika fulani iandike karibu yote kama shirika hilo unalipanda kila mwaka. Kama itakubidi utafute safari ya kuitumia, andika nusu, au usiandike kitu. Kadi yenye ada inayolipika kwa vitu unavyovinunua tayari ni kadi nzuri hata bila bonasi, lakini kadi hizo ni chache kuliko matangazo yake.

Kama mwaka wa kwanza ada imesamehewa, hesabu yote hupanda kwa 395, na wengi wetu tungesema ndiyo bila kufikiri. Fikiri hivyo hivyo, maana kadi hizo zinakutegemea usahau tarehe.

Hatua ya 5: Mwaka wa pili uhesabu peke yake

Mwaka wa pili hauna bonasi. Swali linakuwa jingine kabisa: je, pointi za matumizi ya kawaida zinalipa dola 395?

Kadi yetu hutoa pointi moja kwa dola, yaani senti 1.07. Kadi isiyo na ada inatoa senti 1.5. Hakuna kiasi cha matumizi kitakachoiokoa. Kila dola unayoiweka humo unazidi kupoteza. Hata kama ingetoa pointi 2 kwa dola, yaani senti 2.14, tofauti ni senti 0.64, na ili kurudisha dola 395 ungehitaji kutumia kama dola 61,700 kwa mwaka. Kuna watu wanatumia hivyo. Kama si wewe, jibu unalo.

Sasa ule mtego. Baadhi ya ofa hugawanya bonasi: pointi 40,000 mwaka wa kwanza, 20,000 ukishalipa ada ya mwaka wa pili. Tangazo linasema 60,000 kwa maandishi makubwa. Kwenye hesabu yako, zile 20,000 unazinunua kwa dola 395, karibu senti 2 kila moja, ilhali kwako zina thamani ya senti 1.07. Ofa kama hiyo ihesabu kama ya pointi 40,000. Kwa safari yetu ya pointi 50,000, haitoshi hata tiketi.

Hatua ya 6: Weka tarehe na ujue namna ya kutoka

Siku ombi linapokubaliwa, weka vikumbusho vitatu kwenye simu: siku ya 60, kuangalia umefika wapi na matumizi, wiki ya kumi baada ya kutimiza lengo, kuangalia kama pointi zimeingia, na siku 45 kabla ya kadi kutimiza mwaka.

Kikumbusho cha tatu kikilia, piga simu. Mwambie mhudumu kwamba unafikiria kuifunga kadi kwa sababu ya ada, kisha nyamaza. Wakati mwingine hukupa punguzo la ada au pointi za kukubakiza; zipime kwa bei yako ya pointi palepale, usijibu kwa furaha. Wasipokupa kitu, uliza kama unaweza kuhamishiwa kadi yao isiyo na ada. Njia hiyo hukuachia historia ya akaunti, na rekodi yako ya mikopo huipenda. Isipowezekana, funga.

Kabla ya kufunga, angalia pointi ziko wapi. Zilizokwisha kuingia kwenye mpango wa shirika la ndege kwa kawaida ni zako hata kadi ikifungwa. Zilizoko kwenye mpango wa benki yenyewe mara nyingi hufutika na kadi, hivyo zihamishe kwanza, ukikumbuka kwamba ukishazihamishia shirika hazirudi tena benki. Usifunge wiki moja baada ya bonasi kuingia pia. Baadhi ya benki huweka sharti la muda na zinaweza kuzidai pointi zao. Hamisha malipo yanayojirudia, kama bima na simu, kwenye kadi nyingine, subiri taarifa moja ya mwezi isome sifuri, kisha omba uthibitisho wa maandishi kwamba akaunti imefungwa na uutunze pamoja na ile karatasi ya hesabu.